Fanicha Ikishakunywa Maji: Namna ya Kuisafisha, Kuikausha na Kuirudisha Ndani

Kila masika yakikolea, karakana yetu ya fanicha ya Keko, Dar es Salaam, hupokea mzigo wa aina moja. Kirikuu inasimama barabarani, juu yake pana kabati lenye tope hadi nusu ya mlango, kitanda kilichofunguliwa, makochi yanayochuruzika. Mwenyewe anashuka na uso wa mtu ambaye hajalala. Na mara nyingi, nikishaigusa mbao, naona kwamba kilichoiharibu si maji. Ni zile siku tatu ilizoanikwa juani kabla ya kuletwa kwangu.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mbao ngumu ikilowa haijafa. Mti wake ulikuwa umejaa maji ulipoangushwa, ukapasuliwa, ukakaushwa polepole, ukawa kitanda. Ukilowa tena unaweza kukaushwa tena. Ila safari hii mbao imeshaungwa, imegundishwa na kupigwa vanishi, kwa hiyo ikikaushwa ovyo haina pa kukimbilia: itapasuka, itapinda, au itang'oa viungo vyake yenyewe.

Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam na familia za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, mimi nilikuwa kijana wa kupiga msasa tu. Vitanda na makabati yalikuja kwa wingi kutoka Jangwani, Kigogo na Mchikichini. Tuliyapanga nje, juani, kwa haraka, maana watu walitaka vitu vyao. Baada ya wiki mbili meza nyingi zilikuwa na nyufa za kuingiza ncha ya kidole. Watu walikuwa wameokoa meza zile majini kwa kuzibeba vichwani, nasi tukazipasulia juani. Sijasahau.

Hatua ninazozieleza hapa ndizo ninazofuata sasa. Nyingi unaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani. Zile zinazotaka fundi nitazitaja.

1. Kabla ya kugusa chochote

Zima umeme kwenye meni swichi. Kabati la TV lililolowa huwa na waya nyuma yake, na maji yakiwa yamefika kwenye soketi usiingie ndani mpaka umeme umekatwa kabisa.

Kisha jiulize ni maji gani yaliyoingia. Swali hili ndilo linaloamua kitakachookolewa. Maji ya bomba lililopasuka au mvua iliyovuja darini ni maji safi kwa kiasi: kazi yako kubwa itakuwa kukausha. Maji ya mto, mtaro au chemba iliyofurika ni jambo jingine. Hayo yamebeba choo, mafuta na mikojo ya panya. Panya ndio wanaoeneza homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022, na vijidudu vyake huingia mwilini kupitia mchubuko mdogo tu. Kwa hiyo vaa buti na glavu za mpira, funika vidonda, na usiruhusu watoto kucheza kwenye tope wala juu ya fanicha ambayo haijaoshwa.

Piga picha kila kitu kwa simu kabla hujakisogeza. Kama una bima utazihitaji. Kama huna, bado zitakusaidia kukumbuka kipi kilikaa wapi utakapoanza kuunga upya.

2. Osha tope likiwa bado bichi

Watu wengi huliacha tope likauke ndipo walipangue. Usifanye hivyo. Tope likikauka hugeuka msasa: kila ukifuta linakwaruza vanishi, na lile lililoingia kwenye nakshi na viungo halitoki tena bila kuchokonolewa. Osha siku hiyohiyo kwa maji safi na sabuni, kwa sponji na brashi laini. Maji yamwagwe taratibu kwa kopo au kwa mpira wa bustani usio na nguvu. Mashine ya kuoshea magari iache hukohuko kwenye magari; inasukumiza uchafu ndani ya viungo na kubandua vinia, lile tabaka jembamba la mbao lililobandikwa juu.

Kama nyumba iko karibu na bahari au mlango wa mto, ambako maji ya mafuriko huchanganyika na ya chumvi, suuza kwa maji yasiyo na chumvi mara mbili au tatu. Chumvi ikibaki ndani ya mbao huvuta unyevu wa hewani, na fanicha hiyo haitakauka ikatulia.

Kwa maji machafu, baada ya kuosha, futa nyuso zilizopakwa rangi au vanishi kwa dawa ya klorini iliyochanganywa: kikombe kimoja cha dawa ya kawaida ya dukani kwa ndoo ya lita 20. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, acha dakika chache, kisha futa tena kwa maji safi. Usiloweke mbao kwenye klorini, na usiichanganye kamwe na siki, dawa ya kusafishia choo au kitu chochote chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Fanya haya mapema. Katika joto letu la pwani ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili.

3. Chambua: kipi kinaokolewa, kipi kinakwenda

Hapa huwa nasema ukweli hata kama unauma, maana kuna watu wamelipa fedha kutengenezewa kitu ambacho kilikuwa kimekufa tangu siku ya kwanza.

Mbao ngumu ya kweli inaokolewa karibu kila mara. Mninga ndio ninaoupenda kuliko zote, kwa sababu husinyaa kidogo sana na haupindi kirahisi. Kitanda cha mninga wa Tabora kilichokaa majini siku mbili nakipokea bila wasiwasi. Mkongo na mvule nayo huvumilia. Msaji una mafuta yake ya asili, maji huingia polepole. Paini, ambayo ndiyo imejaa kwenye makochi na vitanda vya bei nafuu siku hizi na ambayo nyingi hutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, hunywa maji haraka na hupata madoa ya kibuluu, lakini ukiiwahi inapona. Mkaratusi ndio mkorofi: husinyaa sana na hujinyonga, kwa hiyo unataka mkono wa subira kuliko zote.

MDF na chipbodi zikivimba, zimekwisha. Hizi si mbao. Ni unga na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi. Maji yakiingia vile vipande vinafura, gundi inaachia, na hata zikikauka hazirudi unene wake wa kwanza. Skrubu haishiki tena. Ukiona kabati la chipbodi limevimba chini kama mkate, usikubali kuambiwa litapigwa msasa lirudi. Linaloweza kufanyika, kama limevimba sentimita chache za chini tu na maji yalikuwa safi, ni kukata sehemu hiyo na kuliwekea kitako kipya cha mbao. Milango yake ya juu, bawaba na vioo unaweza kuvitoa ukavitumia kwingine.

Plaiwudi iko katikati. Gonga kwa kifundo cha kidole: ikilia kwa sauti moja nzima, gundi yake imeshika. Ikilia mapengo mapengo, matabaka yameachana. Hadibodi ya mgongo wa kabati usiihangaikie, ni rahisi kununua mpya, na kuing'oa kutakusaidia kwenye hatua inayofuata.

Godoro na sponji zilizolowa maji ya chemba, tupa. Najua bei ya godoro. Lakini sponji imejaa vijitundu ambavyo hakuna sabuni itakayoifikia sehemu yake ya ndani, na mtu atakayelala juu yake pengine ni mtoto.

4. Fungua kila kinachofunguka

Toa milango kwenye bawaba, toa rafu, toa mbao za chaga. Kila kipande kiandike namba kwa penseli mahali pasipoonekana.

Mtoto wa meza aliyekwama usimvute. Mbao imevimba, na ukivuta kwa nguvu utabaki na uso wake mkononi huku mwili umebaki ndani. Ng'oa hadibodi ya nyuma, kisha msukume kutoka nyuma kwa kiganja, polepole, kulia na kushoto kwa zamu. Akikataa kabisa, mwache. Akikauka kidogo atatoka mwenyewe.

Jambo moja ambalo hata baadhi ya mafundi hulisahau: legeza skrubu zinazoshika bao la juu la meza kwenye fremu yake. Bao lile litasinyaa sentimita nzima au karibu yake likiwa pana. Likiwa limebanwa na skrubu pande zote, litajipasua katikati ili lipate nafasi. Ukilegeza, litasogea lenyewe kwa amani.

5. Kukausha

Nitakaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo fanicha nyingi hufia.

Mbao iliyolowa hubeba maji sehemu mbili. Mengine yamejaa ndani ya vijitundu vyake, kama maji kwenye mrija. Mengine yamenywewa na kuta za vijitundu hivyo. Yale ya kwenye vijitundu ndiyo hutoka mwanzo, na yakitoka mbao haibadiliki umbo hata kidogo. Ndiyo maana siku nne tano za mwanzo mtu hujiona amefaulu: mbao inakuwa nyepesi, haina ufa, haijapinda. Unyevu ukishashuka hadi karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, sasa zinaanza kukauka zile kuta, na hapo ndipo mbao inaanza kusinyaa. Hatari yote iko katika safari hii ya pili, wakati mwenye mali ameshaacha kuangalia.

Tena haisinyai sawa kila upande. Kwa urefu haisinyai kitu cha kuonekana. Kwa upande unaofuata miduara ya mti husinyaa takriban mara mbili ya upande unaoelekea kwenye kiini. Ndiyo sababu ubao mpana hujikunja kama sinia.

Sasa weka mbao hiyo kwenye jua la saa saba mchana. Ngozi ya nje inakauka kwa saa chache na inataka kusinyaa; kiini bado kimejaa maji na hakitaki. Ngozi inapasuka. Hakuna ufundi wa kuzuia hilo isipokuwa kuiondoa juani.

Fanya hivi. Tafuta chumba au kibaraza chenye kivuli na hewa inayopita. Kama sakafu ya saruji nayo ililowa, tandika nailoni kwanza, maana unyevu wake utapanda. Juu ya nailoni panga matofali, na fanicha ikae juu ya matofali hayo. Vipande bapa kama rafu na milango vilaze kimoja juu ya kingine, katikati ya kila viwili weka vijiti vya unene mmoja, kama sentimita mbili, vikiwa vimenyooka mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Juu kabisa weka uzito: mfuko wa saruji, mawe, chochote. Uzito huo huzuia kupinda, na vijiti hupitisha hewa pande zote mbili. Hivi ndivyo mbao mbichi zinavyokaushwa kwenye mashamba ya miti, nasi tunairudia kazi ileile.

Usiegemeze mlango wa kabati ukutani. Upande unaotazama ukuta utabaki na unyevu, wa mbele utakauka, na baada ya wiki utakuwa na mlango uliopinda.

Feni inasaidia sana, lakini ielekeze ukutani au ipulize juu kidogo ya rundo, hewa izunguke. Ikipuliza moja kwa moja kwenye ubao inafanya kazi ya jua. Jiko la mkaa ndani ya chumba usilithubutu, kwa ajili ya mbao na kwa ajili ya maisha yako. Mchana wenye upepo mkavu fungua madirisha. Mvua ikianza kunyesha, funga. Kama mbao ni nene au ni mkaratusi, siku za mwanzo ifunike kwa shuka jepesi ili ikauke polepole zaidi.

Muda gani? Kwa uzoefu wangu wa pwani, mbao ya inchi moja iliyolowa saa chache hutulia kwa wiki mbili. Iliyokaa majini siku mbili tatu huchukua wiki nne hadi sita, na miguu minene ya kitanda huweza kufika miezi miwili. Lakini usiamini kalenda, amini mizani. Chukua kipande kimoja kinachobebeka, tuseme ubao wa chaga, ukipime kwa mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki au ya duka la jirani. Andika. Kila wiki kipime tena. Kikiwa kilo 2.4 wiki ya kwanza, 2.1 ya pili, 1.9 ya tatu, kisha 1.85 mara mbili mfululizo, basi kimekauka kadiri hewa ya mahali hapo inavyoruhusu. Fundi mwenye kipima unyevu atakachochoma kwenye mbao atakupa jibu kwa dakika moja. Kwetu pwani mimi huridhika nikiona asilimia 15 au chini yake kidogo. Bara kwenye hewa kavu itashuka zaidi. Pima sehemu nene, na upime upande uliokuwa chini.

Mwaka mmoja mama wa makamo kutoka Kigogo alileta kitanda cha mninga. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Fundi, majirani wameniambia nikitupe. Marehemu mume wangu ndiye aliyekichonga." Nikamwambia, "Mama, hiki hakitupwi. Lakini utaniachia miezi miwili, na katikati yake usinihimize." Alikuja kila Jumamosi kukiangalia. Wiki ya sita nikampa ule ubao wa chaga aushike mwenyewe, akashtuka ulivyokuwa mwepesi.

6. Ukungu

Ukitokea wakati wa kukausha, usiufute ukiwa mkavu, maana vumbi lake linaruka na kuingia kifuani. Vaa barakoa, toa kipande nje, kifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha kwa spiriti. Klorini kwenye mbao isiyopakwa kitu haisaidii sana: inaondoa weusi wa juu, huku maji yake yanazama ndani na kulisha kilichobaki. Dawa ya kweli ya ukungu ni hewa. Unyevu wa mbao ukishuka chini ya asilimia 20 ukungu hauoti tena.

7. Viungo

Gundi nyeupe ya mbao inayotumiwa na wengi wetu hulainika ikikaa majini. Kiungo kilicholegea nusu, kimalizie kukifungua. Usikipige msumari. Msumari kwenye kiungo cha ulimi na tundu unapasua ulimi, unashika kutu, na fundi atakayekuja baadaye atakulaumu kwa haki. Tumia nyundo ya mpira, au nyundo ya kawaida juu ya kipande cha mbao laini, na gonga karibu na kiungo chenyewe.

Subiri mbao ikauke ndipo uunge. Ukiunga ikiwa bado na maji, ulimi utasinyaa ndani ya tundu na kiti kitacheza baada ya mwezi. Kwangua gundi ya zamani yote kwa patasi mpaka uione mbao, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokauka. Kama ulimi umekuwa mwembamba, ubandike kipande chembamba cha mbao ileile ubavuni, kikikauka uuchonge ukae sawasawa. Kisha paka gundi pande zote mbili, unga, hakikisha pembe zimenyooka kwa kupima kamba kutoka kona hadi kona, halafu bana.

Kama huna jiriwa ndefu, kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uwe mkanda mrefu, uuzungushe kwa kuuvuta. Unabana kwa nguvu ya kushangaza na hauachi alama. Acha usiku na mchana mzima kabla ya kumruhusu mtu kukikalia.

8. Kilichopinda, kilichopasuka, kilichobanduka

Ubao uliojikunja kama sinia umekauka zaidi upande uliobonyea. Kwa hiyo upande huo ndio unaoupa maji. Tandaza kitambaa chenye unyevu, lazia upande uliobonyea juu yake, upande wa mgongo uache wazi. Angalia kila baada ya saa chache. Ukinyooka, ubane kati ya mbao mbili zilizonyooka, pande zote zipate hewa, ukauke hivyo wiki nzima au zaidi. Wengine hukimbilia kupiga randa. Kwenye ubao wa inchi moja uliojikunja sana utabaki na ubao mwembamba kama kifuniko cha sufuria.

Ufa mwembamba uache ukae wiki mbili baada ya mbao kukauka, mingi hujifunga nusu. Unaobaki, ujaze kwa gundi na unga wa mbao ileile. Ufa mpana unataka kipande cha mbao kilichochongwa kama kabari ndefu, nyuzi zake zikifuata nyuzi za ubao. Hiyo ni kazi ya fundi.

Vinia iliyovimba kama lengelenge, ipasue kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano, tandika nailoni, weka kipande bapa na uzito juu yake hadi kesho yake.

9. Madoa

Weupe kama ukungu wa asubuhi juu ya vanishi ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi yenyewe, mbao haijaguswa. Futa haraka na kwa wepesi sana kwa kitambaa kilichonuswishwa spiriti tu. Mara nyingi hutoweka. Ukilowesha utaibandua vanishi, kwa hiyo jaribu mahali pa kujificha kwanza.

Weusi kuzunguka misumari na bawaba ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao. Msasa hauufikii, umezama. Fungua chuma hicho kwanza. Baadaye, ukiwa umeondoa vanishi, paka asidi ya oksaliki, gramu 50 kwa lita moja ya maji ya moto ndani ya chombo cha plastiki. Weusi unafifia mbele ya macho. Ni sumu: glavu, miwani, mbali na watoto, na suuza mara tatu, maana mabaki yake yakipigwa msasa vumbi lake ni baya. Acha ikauke tena siku kadhaa. Unaporudisha bawaba, weka za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

10. Makochi

Chana kitambaa siku ya kwanza. Fremu iliyofunikwa kitambaa kilicholowa haikauki, inaoza. Ng'oa pini zote kwa bisibisi bapa na koleo, tunza kitambaa cha zamani hata kama kimeharibika, kwani ndicho kipimo cha kukatia kipya. Gunia la katani lililo chini ya spiringi tupa. Mikanda ya mpira ikilegea tupa. Spiringi zisugue kutu, paka rangi ya kuzuia kutu. Sponji iliyolowa maji safi isimamishe wima kwenye upepo, na hii, tofauti na mbao, jua haliidhuru kwa siku mbili tatu. Fremu ikaushe na kuiunga kama nilivyoeleza. Angalia vitundu vidogo vyenye unga mweupe: hao ni bungua, na fremu iliyolowa huwapendeza. Paka dawa kabla hujafunika.

11. Vanishi

Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, ukifuata nyuzi za mbao. Mbao iliyolowa huinua manyoya. Kitambaa chenye unyevu kidogo kati ya msasa na msasa kitayainua yote uyakate. Futa vumbi. Paka sila, ile ya kuziba vijitundu vya mbao kabla ya vanishi; ikikauka piga msasa 320 kwa mkono mwepesi, kisha vanishi mbili au tatu nyembamba.

Usipake siku ya mvua. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, vanishi ya kupuliza inageuka nyeupe hapohapo. Kipindi cha masika mimi hupuliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku ikiwa imefunguka.

Na paka pia kule kusikoonekana: chini ya bao la meza, ndani ya kabati, chini ya miguu. Upande mmoja ukiwa na vanishi na mwingine hauna, unyevu utaingia upande mmoja tu na ubao utapinda hata bila mafuriko. Ncha za miguu ndizo zinazokunywa maji kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa nyuzi zimekatwa wazi pale kama mirija. Zipe vanishi mara tatu, kisha gongomelea vipande vya mpira vya unene wa sentimita moja.

12. Kurudisha ndani

Ukuta wa nyumba iliyofurika hukauka polepole kuliko fanicha. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiache siku moja. Ukikuta matone kwa ndani, subiri. Ukirudisha kabati kwenye ukuta huo, mgongo wake utaota ukungu ndani ya mwezi.

Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya fanicha na ukuta. Mwezi wa kwanza milango ya kabati ikae wazi mchana. Watoto wa meza wakikaza kidogo usiwachonge mara moja; wasubiri kiangazi kiingie, wengi watalegea wenyewe. Kaza upya skrubu za bao la meza baada ya wiki nne, kwa mkono, bila kuzibana hadi mwisho.

Kitanda cha yule mama tulikipeleka Kigogo siku ya sitini na tatu. Miguu yake ilikuwa na doa jeusi la upana wa kidole lililoonyesha maji yalikofika. Nilikuwa nimeandaa oksaliki ya kuliondoa. Akaniambia niliache palepale, wajukuu wake waone.